Umande, upepo wa bahari na jani lililokufa: kuusoma moto pembezoni mwa Dar

Siku ya kuogopa moto Chanika, Msongola au Mabwepande si ile ya Februari ambayo shati linanata mgongoni toka saa mbili asubuhi. Ni siku ya mwishoni mwa Agosti au ya Septemba, anga jeupe, asubuhi ina kaubaridi, moshi wa majiko umelala taratibu kuelekea baharini. Mtu anatoka nje, anakitazama kiwanja chake kilichojaa majani, anasema leo hewa imetulia, ngoja nichome. Anawasha saa tatu. Kufika saa sita moto uko kwa jirani, tena jirani mwenyewe ni yule ambaye asubuhi ile alikuwa nyuma ya moto, anapita zake na ndoo bila wasiwasi.

Habari nzima iko hapo. Moto wa huku haufuati ukali wa jua. Unafuata jani lililokufa na saa ambayo upepo unageuka. Haya ni kwa vikundi vya mtaa vinavyojitolea kuzima moto wa majani pembezoni mwa jiji, toka Bunju na Kibamba, Pugu na Chanika, hadi Kimbiji kule Kigamboni, pamoja na majirani wa Kisarawe na Mkuranga, maana moto haujui mpaka wa mkoa uko wapi. Ukipiga 114 zimamoto watakuja, lakini umbali na mchanga wa njia zetu huupa moto muda wa bure kabla gari halijafika. Muda huo ni wenu, na jinsi utakavyokwenda huamuliwa na hali ya hewa mliyoisoma, au msiyoisoma, asubuhi.

Joto si kipimo

Kuna kanuni inayopendwa sana katika nchi kavu, ya thelathini tatu: joto lipite nyuzi 30, unyevu wa hewa ushuke chini ya asilimia 30, upepo upite kilomita 30 kwa saa. Zikikutana zote, moto haushikiki. Ukiingoja kanuni hiyo Dar es Salaam utangoja hadi uote mvi. Hapa bahari iko mlangoni: mchana wa kawaida unyevu hucheza kati ya asilimia 50 na 70, alfajiri hupita 90. Watu wakiona 55 kwenye simu wanasema hewa bado ina maji, hakuna shida.

Shida ipo, na inatoka kwenye jani lenyewe. Jani lililokufa ni jembamba, na maji yake hupanda na kushuka kufuata hewa iliyolizunguka, kwa muda wa saa moja hivi. Hewa ya asilimia 55 huliacha na maji kama asilimia 10 ya uzito wake, na likipigwa jua moja kwa moja hushuka chini ya hapo. Majani makavu hukataa kuwaka yanapofika asilimia 20 na kitu. Kwa hiyo hata siku ambayo simu inasema hewa ni nzito, jani liko nusu ya njia chini ya kizingiti, linangoja kiberiti tu. Bahari yetu haituzuilii moto mchana. Kazi hiyo inaifanya usiku, na hilo tutalirudia.

Vijiti vyembamba kama penseli huchukua karibu saa kumi kukubaliana na hewa, na matawi ya unene wa mkono siku kadhaa. Ndiyo maana manyunyu ya Jumatatu jioni hayawi kinga ya Jumanne mchana kwenye majani matupu, ila yanaweza kuwa kinga ya siku mbili tatu chini ya mikorosho, kwenye zulia la majani yaliyorundikana kivulini.

Majani ya masika ndiyo moto wa demani

Mwaka wa kuogopwa zaidi ni ule uliokuwa na masika nzuri. Dar hupata mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka, na karibu nusu yake hunyesha Machi hadi Mei. Masika ikishiba, majani hupanda hadi yampite mtu kimo. Juni yanakomaa, Julai yananyauka kuanzia chini, na demani, ule msimu wa mwisho wa kusi (upepo wa kusini) kati ya Agosti na Novemba, huyakuta yamekufa yamesimama. Vuli ikichelewa kama ilivyochelewa 2022, hadi mto Ruvu ukapungua na jiji likapata maji kwa mgawo, demani hurefuka, na kila wiki inayoongezeka ni ya moto.

Kuna dirisha la pili, dogo: Januari na Februari, kati ya vuli na masika, wakati kaskazi inavuma. Majani ya vuli hukauka kama mvua zilikatika mapema Desemba. Moto wa wakati huo kwa kawaida ni mfupi, lakini joto huwamaliza wazimaji wenyewe kabla hawajaumaliza moto. Mwezi huo weka maji ya kunywa mbele kuliko maji ya kuzimia.

Usikadirie ukavu wa majani kwa kuyatazama kutoka barabarani. Juu hugeuka rangi ya dhahabu wakati shina bado lina maji, au kinyume chake, ukijani wa kando ya mtaro unakuficha ukavu wa katikati. Ingia ndani, simama sehemu kumi tofauti, kila sehemu hesabu kati ya mashina kumi ni mangapi yamekufa kabisa. Yakiwa chini ya nusu, moto utasuasua na kukatika. Yakifika saba au nane kati ya kumi, mabichi yaliyobaki hayazuii kitu. Halafu fumba konzi ya majani makavu ya juu na uyabane. Yakikaa kimya na kupinda, yana maji. Yakilia kama bisi kikaangoni, yanawaka. Yakivunjika na kukuachia unga mkononi, siku hiyo hakuna mtu wa kuchoma kitu chochote mtaani, hata takataka za uani.

Pekee ya kuitazama kwa jicho lingine ni motomoto, lile jani lenye makali pembeni na maua meupe kama pamba. Jina halikutolewa bure. Huwaka hata likiwa nusu bichi, na vikonyo vyake viko chini ya udongo, kwa hiyo ukilichoma ili kulimaliza unalifagilia njia: washindani wake wanakufa, lenyewe linarudi ndani ya wiki chache, jingi kuliko mwanzo. Kulimaliza ni kulima kwa kina na kung'oa vikonyo, au kulifunika kwa mazao yenye kivuli kizito.

Mbavu inapogeuka kichwa

Mabaharia wa Kunduchi hawahitaji kufundishwa habari za umande. Kwao umande si yale maji ya kwenye majani peke yake. Ni upepo pia, ule mwepesi unaotoka bara usiku na alfajiri kuelekea baharini. Nchi kavu imepoa kuliko bahari, hewa inateremka. Majira ya kusi umande huja kutoka magharibi au kusini-magharibi. Ndio unaolaza moshi wa jikoni kuelekea baharini, na ndio unaomdanganya mchomaji.

Jua likishapasha ardhi, mambo yanapinduka. Kati ya saa nne na saa sita, mapema ufukweni na baadaye kidogo kwa walio zaidi ya kilomita 20 ndani kama Chanika, upepo wa bahari unaingia na kuungana na kusi yenyewe. Unatoka kusini-mashariki au mashariki, na kati ya saa nane na saa kumi hufika kilomita 20 hadi 30 kwa saa bila mtu kusema leo kuna upepo mkali. Ni upepo wa kila siku.

Sasa uchore moto. Umewashwa saa tatu, umande unausukuma mashariki. Kwa saa mbili umetembea mita 300 ukiwa na kichwa, yaani ukingo wa mbele, cha upana wa mita 40. Kichwa ndicho kila mtu anakikimbilia. Mbavu mbili, yaani pande zake, za mita 300 zinaungua polepole, hakuna anayezijali. Upepo unageuka, unakuja kutoka kusini-mashariki. Kwa dakika chache mbavu ya kaskazini yote inakuwa kichwa. Ulikuwa unapigana na mita 40. Sasa una mita 300 zinazokwenda kaskazini-magharibi, na watu wako wamejipanga upande usio na kazi. Kwa majani yaliyokufa, kichwa cha moto hutembea kati ya moja ya kumi na moja ya tano ya kasi ya upepo. Upepo wa kilomita 25 kwa saa unakupa moto wa kilomita mbili na nusu hadi tano kwa saa. Tano ni mwendo wa mtu anayewahi daladala. Kwenye tambarare mtu mzima anaweza kuukimbia, bibi mwenye ndoo hawezi.

Vilima vya Pugu vinaongeza lao. Moto ukipanda, miali inainamia majani yaliyo mbele na kuyakausha kabla ya kuyafikia. Kila nyuzi kumi za mwinuko kasi hujirudia mara mbili hivi. Mabonde ya vijito vinavyoingia Msimbazi ni kama bomba la moshi: upepo ukiingia kwa chini, moto hupanda bonde kwa pumzi moja. Usimweke mtu juu ya bonde lenye moto chini yake, hata kama miali inaonekana midogo.

Dalili za kugeuka zipo na zinatoa muda. Kwanza moshi uliokuwa umelala unasimama wima. Hii ndiyo dakika ambayo wengi husema afadhali, upepo umekufa. Haujakufa, pande mbili zinasukumana. Halafu makuti ya minazi ya upande wa baharini yanaanza kulia wakati ya kwako bado kimya. Kisha ubaridi shingoni. Hewa hiyo mpya ina maji zaidi, ni kweli, na baada ya saa kadhaa itasaidia, lakini mwanzoni nguvu ya upepo hushinda unyevu wake kwa mbali. Aliyewekwa kutazama moshi asifanye kazi nyingine. Moshi ukisimama, anapiga filimbi, watu wanaacha kichwa na kwenda kuzikata mbavu.

Majira ya kaskazi mchezo ni uleule ukiwa umegeuzwa: mchana upepo huja kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo mbavu ya kusini ndiyo inayogeuka. Na vuli ikianza, wingu la radi likikaribia hutupa upepo pande zote kabla ya tone la kwanza. Hapo hakuna kanuni, toka.

Kupima bila kutegemea simu

Namba ya unyevu kwenye simu mara nyingi ni ya uwanja wa ndege au ni hesabu ya kompyuta kwa eneo kubwa. Kikundi kijitengenezee kipimo chake. Chukua vipimajoto viwili vya maabara vya nyuzi 0 hadi 50, vifunge sambamba kwenye ubao. Kimoja kivishe tumbuni soksi ya pamba nyeupe, kamba ya kiatu ya pamba iliyochemshwa kwa sabuni na kusuuzwa inafaa kabisa. Ilowanishe kwa maji ya mvua. Simama kivulini, mgongo kwa jua, kifaa mbele upande unakotoka upepo, kisha kipepee kwa kipepeo cha jikoni dakika mbili au tatu hadi namba ya chini isishuke tena. Soma kilicholowa kwanza, kisha kikavu.

Kikavu kikiwa nyuzi 30: kilicholowa kikisoma 26, unyevu ni asilimia 73, kikisoma 24 ni 61, kikisoma 22 ni 50, kikisoma 20 ni 39. Kikavu kikiwa 32, kilicholowa 25 ni asilimia 57, na 22 ni 41. Bandikeni hizo nyuma ya ubao.

Makosa ya kifaa hiki yote yanaelekea upande mmoja, upande mbaya. Soksi chafu, soksi iliyoshika chumvi ya bahari, maji ya kisima chenye magadi, kupepea kwa uvivu, kusoma baada ya soksi kukauka: kila moja humfanya kilicholowa asome juu zaidi, na wewe uamini hewa ina maji kuliko ilivyo. Badilisheni soksi kila wiki mbili, na walio karibu na ufukwe kila wiki.

Upepo, miti inatosha. Majani na vitawi vikitikisika bila kupumzika na bendera ya ofisi ya mtaa ikijikunjua, ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Vumbi na makaratasi yakianza kunyanyuka barabarani, ni 20 hadi 28. Miti midogo yenye majani ikiyumba mzima, umepita 29. Kumbuka namba ya utabiri ni ya mita 10 juu ya ardhi. Kimo cha mtu ni kama theluthi mbili ya hapo, lakini moto mkubwa wa majani marefu unauona ule wa juu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa ukanda wa pwani. Watu wa bara ya jiji huipuuza wakidhani ni ya wavuvi. Ichukueni kama tahadhari ya moto: siku mashua zimezuiwa kutoka Feri, kiberiti nacho kizuiwe Msongola.

Kwa anayependa mtandao, ramani ya FIRMS ya NASA huonyesha sehemu zenye joto zilizoonwa na setilaiti. Setilaiti zenye kamera ya VIIRS hupita mchana kwenye saa saba na nusu na usiku saa hizohizo, na nukta za moto huweza kuchelewa kwa muda wa saa tatu kuonekana. Nukta moja ni mraba wa mita 375, kwa hiyo usiitumie kumwambia mtu moto uko nyuma ya choo chake. Faida yake ni kujua asubuhi kwamba msitu wa Kazimzumbwi ulikuwa na joto usiku, na kusi ya mchana itakileta wapi kilichobaki.

Siku ya kuchoma na siku ya kuacha

Ukisikiliza ushauri wetu, msichome kabisa. Fyekeni na mrundike mbolea. Lakini watu watachoma, kwa hiyo bora wachome saa ya kueleweka. Sisi tunashika hivi: majani yakishakufa saba kati ya kumi, unyevu chini ya asilimia 60 na upepo wa vumbi, hakuna kuwasha moto. Siku nyingine zote, kazi ianze saa kumi na moja jioni, upepo wa bahari ukiwa unalegea, na si saa tatu asubuhi. Wa jioni unaelekea kwenye umande, wa asubuhi unaelekea kwenye kusi. Tofauti ni hiyo tu, na inatosha.

Mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote nne wajue tangu jana yake. Kinga moto iwe imefyekwa na kukwanguliwa hadi udongo uonekane, mita 5 kwa majani ya magotini, mita 10 yakimpita mtu kimo, na majani yaliyofyekwa yatupwe upande wa nje, mbali. Ukiyaacha ndani ya kinga umetengeneza utambi. Anza kuwasha upande ambao upepo unakwenda, ili moto urudi kinyume na upepo polepole. Subiri weusi (palipokwisha kuungua) wa mita 10 upatikane kabla hujawasha kwingine. Chini ya nyaya za umeme mkubwa usichome: moshi mzito wenyewe unaweza kuuleta umeme chini. Na mkuza wa bomba la gesi la kwenda Kinyerezi hauguswi, hata kwa kufyeka bila ruhusa.

Vichomwaji vya kwetu

Ramani ya hatari ya mtaa wa pembezoni huanza na mapagala. Nyumba imefika lenta, mwenyewe yuko Sinza au Ughaibuni, ukuta umezunguka, ndani majani mita mbili. Ukuta haukuzuilii cheche, unakuzuilia kuingia. Kabla ya Julai kila pagala liwe na namba ya simu ya mwenye nalo kwenye daftari la mjumbe, na mjue geti linafunguka vipi.

Mikorosho huangusha majani yasiyooza haraka. Moto wake ni mfupi kwa kimo lakini unang'ang'ania, na maganda ya korosho yana mafuta yanayochoma ngozi hata kwa moshi. Fagia mduara wa mita 2 kuzunguka kila shina. Minazi ni jambo la makuti yaliyokauka na kuning'inia: moto ukipanda mnazi mmoja, kuti linalowaka linaruka na kutua juu ya paa la makuti mbali kabisa na mstari wenu. Mtu mmoja na ndoo abaki kwenye mapaa, asishawishike kwenda mbele. Matete ya mabondeni hulipuka yakiwaka. Msiyaingilie, yasubirini yatoke kwenye majani mafupi. Dampo likishika ni kazi ya mitambo na udongo, si ya vikundi.

Tanuri la mkaa ndilo mwizi. Linakaa siku nyingi limefunikwa udongo, mwenye nalo kaenda kulala, udongo unabomoka upande mmoja, hewa inaingia. Doria ya demani ipite kwenye matanuri jioni na kuziba nyufa. Ugomvi wa kama tanuri ni halali uamuliwe kesho.

Kuuendea

Miali ikiwa chini ya kiuno, watu wenye vipigio wanaweza kuisogelea. Kipigio kizuri ni kipande cha mkanda wa mashine au tairi lisilo na waya, sentimita 30 kwa 40, kilichofungwa kwa boliti kwenye mpini wa mita 2. Hakipigwi kama fimbo ya nyoka, maana unarusha cheche. Kinabandikwa, kinaburuzwa kuelekea weusi, kinanyanyuliwa. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa la lita 16 ni silaha nzuri kuliko ndoo kumi, mradi limeoshwa vizuri. Pua iwe ya mnyunyizo, ulenge mzizi wa mwali. Mmoja anapulizia, wawili nyuma yake wanabandika, wa nne ana reki. Wanaanzia mkiani, nyuma ya moto, wanakwenda ubavuni, mguu mmoja daima karibu na weusi, kwa sababu palipoungua ndipo pa kukimbilia. Miali ikimpita mtu kimo, hakuna shujaa. Rudini kwenye barabara au kinga, au ngojeni gari.

Mavazi: jinzi, shati la pamba la mikono mirefu, viatu vya ngozi. Jezi ya Simba au Yanga inayeyuka na kushika ngozi, timu zote mbili sawasawa. Kandambili hapana.

Anayepiga 114 aseme mtaa, kata, alama inayoonekana kutoka barabara ya lami, kinachoungua, moto unaelekea wapi, na njia ipi ina udongo mgumu wa kubeba gari. Kijana wa bodaboda akalingoje lami. Na boza la maji la mtaani litajwe mapema, kwa sababu maji ya gari yanaisha upesi kuliko mnavyodhani.

Usiku na kesho yake

Kuanzia saa mbili usiku unyevu unapanda, saa nne majani yanashika umande, upepo wa umande nao unaanza. Neno moja, vitu viwili, na vyote viko upande wenu. Moto uliowashinda saa tisa alasiri mara nyingi unazimika kwa watu wanne saa tano usiku, kwa hiyo msiwachoshe wote mchana. Usiku huohuo ndio wa kuchimbua ukingo mzima, mita 15 kuelekea ndani ya weusi.

Hapo ndipo moto unapojificha. Kisiki cha mwembe huungua kwa mizizi chini ya udongo na kutokeza mita 2 pembeni. Kumbi la nazi likiwa jeusi na baridi kwa nje, ndani kuna kaa. Maji ukiyamwaga yanateleza juu yake. Lipasue kwa panga, lizamishe kwenye ndoo hadi liache kutoa mapovu. Majivu yapimwe kwa mgongo wa mkono, usiyaguse kwanza, ukaribie tu: ngozi ya hapo huhisi joto kabla kiganja hakijaungua.

Asubuhi rudini saa tatu, siyo saa sita. Mnazunguka ukingo upande wa kaskazini-magharibi kwanza, ule ambao kusi ya mchana itausukuma, mkitafuta uzi mwembamba wa moshi dhidi ya jua la chini. Saa hiyo uzi unaonekana. Saa tano, upepo ukishaingia, hauonekani tena.